Watu au roboti Mwezini: namna ya kupima kama gharama inalipa

Kati ya Desemba 1972 na Januari 1973, wageni wa aina mbili walitua Mwezini wakipishana kwa wiki tano tu, katika maeneo ambayo hayajatengana hata kwa kilomita 200. Wa kwanza walikuwa wanaanga wa Apollo 17, Eugene Cernan na Harrison Schmitt, walioteremka katika bonde la Taurus-Littrow na kukaa humo siku tatu. Mgeni wa pili alikuwa mashine: Lunokhod 2, kigari cha Umoja wa Kisovieti chenye magurudumu manane, kilichoshushwa ndani ya kreta (shimo pana la mviringo) ya Le Monnier na kuendeshwa kwa redio na watu walioketi duniani mbele ya skrini. Wanaanga waliendesha gari lao takriban kilomita 35. Kigari kile kilitembea takriban kilomita 39, lakini kwa muda wa miezi minne. Wanaanga walirudi na kilo 110 za mawe na udongo; kigari hakikurudi, wala hakikuundwa kirudi.

Pande zote mbili zilisumbuliwa na vumbi. Nyundo ya Cernan ilinasa kwenye madigadi ya gurudumu la nyuma ikaivunja, na tangu hapo gurudumu likawa linawamwagia vumbi wao na mitambo yao. Vumbi la Mwezi si kama la barabarani. Halijawahi kusuguliwa na maji wala upepo, kwa hiyo punje zake zina makali kama kioo kilichopondwa, na kwa weusi wake hunyonya joto la jua na kuchemsha kila linachokigandia. Wanaanga walipokuwa wamelala, wahandisi duniani walitafuta njia. Walipoamka, wakaunganisha ramani nne kwa utepe wa gundi, wakazifunga mahali pa madigadi kwa vibanio vilivyotolewa kwenye taa za chombo chao, na kazi ikaendelea. Mwezi Mei 1973, Lunokhod 2 kiliingia katika kreta ndogo mfuniko wake wenye paneli za jua ukiwa wazi, na inaelezwa kwamba mfuniko ule uligusa ukuta wa kreta na kuzoa udongo. Ulipofungwa, udongo ukamwagikia rejeta ya kupozea mitambo. Kigari kikashindwa kupoa, kikafa. Mtu mmoja mwenye kitambaa mkononi angeliondoa tatizo hilo kwa dakika moja.

Nimeanza na jozi hii kwa sababu kila upande wa mjadala huu huchukua nusu yake. Wanaopenda safari za wanaanga husimulia zile ramani nne na utepe wa gundi. Wanaopenda roboti hukumbusha kwamba kigari kilifanya kazi miezi minne bila familia yoyote duniani kukosa usingizi. Wote wanasema kweli, na ndiyo maana swali la kama safari za watu kwenda Mwezini zinalipa gharama yake haliwezi kujibiwa kabla mtu hajataja anataka kununua nini kwa fedha hizo.

Vigezo vya kupimia

Njia zinazoshindaniwa ni tatu: kupeleka watu, kupeleka roboti peke yake, na kuuacha Mwezi kwa sasa ili fedha zielekezwe kwingine. Nitazipima zote kwa vigezo vinne.

Cha kwanza ni fedha, yaani jumla inayotumika pamoja na kile kinachopatikana kwa kila dola, kwa sababu kitu cha bei ndogo kisichojibu swali lako ni hasara. Cha pili ni maarifa: ni maswali gani ambayo njia hiyo inaweza kuyajibu na yapi haiyawezi. Cha tatu ni hatari, kwa maisha ya watu na kwa mradi wenyewe. Cha nne ni kile kinachobaki baada ya safari kwisha, kiwe ujuzi, mitambo, viwanda au ari ya watu. Kigezo hiki cha mwisho hurukwa mara nyingi, ilhali kwa maoni yangu ndicho kinachoeleza vizuri zaidi kwa nini Apollo iliwafurahisha watu wengi na bado ikawaacha wengi wakijiuliza ilikuwa ya nini.

Njia ya kwanza: kupeleka watu

Gharama

Mpango wa Apollo uligharimu zaidi ya dola bilioni 25 za wakati ule, ambazo kwa thamani ya mwaka 2020 ni zaidi ya dola bilioni 250. Mwaka 1966 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilikuwa likitumia zaidi ya asilimia 4 ya bajeti yote ya serikali ya shirikisho. Leo sehemu yake haifiki nusu ya asilimia moja. Kwa mpango wa sasa wa Artemis, wa kuwarudisha watu Mwezini, Mkaguzi Mkuu wa NASA alikadiria kwamba matumizi yangefika dola bilioni 93 kufikia mwaka wa fedha wa 2025, na kwamba kila urushaji wa roketi ya SLS pamoja na chombo cha Orion, katika safari nne za mwanzo, ungegharimu takriban dola bilioni 4.1.

Kwa nini ni ghali kiasi hicho? Mtu anahitaji hewa, maji, chakula, joto na mahali pa kulala, lakini kinachopandisha bei zaidi ya vyote ni kwamba lazima arudi nyumbani. Kila kilo inayorudi inahitaji mafuta ya kuiinua kutoka Mwezini, na mafuta hayo yanahitaji mafuta mengine ya kuyafikisha huko, na hayo nayo yanahitaji mengine ya kuyatoa duniani. Roketi ya Saturn V ilisimama mita 111 na kuwa na uzito unaokaribia tani 3,000. Kilichorudi baharini kilikuwa chumba kidogo cha takriban tani 5, chenye watu watatu na masanduku ya mawe.

Hutajwa pia kwamba fedha hizo hazikutupwa Mwezini, kwani zilitumika hapa hapa duniani kulipa mishahara ya takriban watu 400,000 waliofanya kazi katika mpango ule. Hilo ni kweli, lakini peke yake halitoshi kuwa hoja, kwa kuwa fedha zozote za serikali zinazotumika hulipa mishahara ya mtu fulani.

Gharama inaweza kushuka. Kampuni ya SpaceX ilipewa mkataba wa dola bilioni 2.89 mwaka 2021, na Blue Origin wa takriban dola bilioni 3.4 mwaka 2023, ili zitengeneze vyombo vya kuwatua wanaanga. Hiyo ni mikataba ya bei iliyokwisha kupangwa, ambapo nyongeza ya gharama inabebwa na mkandarasi. Hata hivyo, vyombo hivyo vinategemea kujazwa mafuta vikiwa angani, na mtu anayepigia hesabu safari nafuu hana budi kuliweka sharti hilo ndani ya hesabu yake.

Maarifa

Hapa ndipo hoja ya kupeleka watu ina nguvu zaidi, na mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Schmitt. Yeye alikuwa mwanajiolojia, mwanasayansi pekee kati ya watu 12 waliotembea Mwezini. Siku ya pili ya kazi yao, kando ya kreta waliyoiita Shorty, aliparuza uso wa kijivu kwa buti lake akaona chini yake udongo wa rangi ya machungwa. Katika ardhi ambayo kila kitu ni kijivu, kahawia iliyofifia au cheusi, rangi hiyo ilikuwa kama mtu aliyepiga kelele. Walikuwa na nusu saa hivi ya kukaa pale kabla ya akiba ya hewa kuwalazimisha kuondoka. Kwa muda huo walichimba mfereji mdogo, wakachukua udongo kutoka pande zake, wakagongomelea mrija ardhini wapate sampuli ya tabaka za chini, wakapiga picha. Udongo ule uligundulika kuwa punje ndogo za kioo zilizotoka katika mlipuko wa volkeno takriban miaka bilioni 3.6 iliyopita. Mwaka 2008, miaka 36 baada ya buti lile kuparuza ardhi, watafiti waliokuwa na vifaa ambavyo mwaka 1972 havikuwepo walipata chembe za maji ndani ya punje za kioo za volkeno zilizoletwa na Apollo, na hapo ikabidi imani ya kwamba Mwezi ulizaliwa mkavu kabisa ifikiriwe upya.

Jambo la kuangaliwa hapo ni jicho la mtu aliyefunzwa, lililotambua kitu ambacho hakikuwa katika ratiba na likabadili ratiba papo hapo, zaidi ya ule ukweli kwamba binadamu alikuwepo. Kwa jumla safari sita za Apollo zilileta kilo 382 za sampuli, na mojawapo ya zilizofungwa kwa lakiri na Apollo 17 ilifunguliwa mwaka 2022, kwa makusudi, ili ikutane na vifaa vya kizazi kingine.

Lakini haki itendeke. Maeneo yote sita yako upande unaoelekea duniani na hayako mbali sana na ikweta ya Mwezi, kwa sababu pale ndipo palipokuwa salama kupeleka watu. Usalama wa wanaanga uliamua ni maswali gani ya kisayansi yaulizwe, na kwa miaka mingi picha yetu ya Mwezi mzima ilichorwa kutokana na kona chache zilizo rahisi kufikiwa.

Hatari

Tarehe 27 Januari 1967, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikufa kwa moto ndani ya Apollo 1 wakiwa wangali kwenye jukwaa la kurushia, katika zoezi tu. Aprili 1970, tangi la oksijeni lililipuka katika Apollo 13 na watu watatu wakanusurika kwa kukitumia chombo cha kutua kama mashua ya kujiokolea. Kuna pia hatari iliyopita bila kumgusa mtu: Agosti 1972 Jua lilitoa dhoruba kali ya mionzi, na ilitukia kwamba Apollo 16 ilikuwa imerudi tangu Aprili na Apollo 17 haijaondoka hadi Desemba. Mwanaanga ambaye angekutwa nje wakati huo, akiwa na vazi lake tu, angeweza kuugua vibaya.

Hatari ya maisha hugeuka kuwa gharama na muda. Chombo cha Orion kiliporudi bila watu mwishoni mwa 2022, ngao yake ya joto ilikutwa imemeguka mahali ambapo haikutarajiwa, na uchunguzi wa jambo hilo ukachangia kuisogeza mbele safari iliyofuata. Kwa chombo kisicho na mtu, hitilafu ya namna hiyo ingeweza kuvumiliwa. Palipo na watu wanne ndani, haivumiliki, na ndivyo inavyopasa.

Kinachobaki

Watu hutaja vitu vya nyumbani kama matunda ya Apollo, na mara nyingi hukosea: Teflon iligunduliwa mwaka 1938, na Velcro ilibuniwa Uswisi na George de Mestral katika miaka ya 1940. Tunda la kweli ni kubwa kuliko hayo. Kompyuta ya kuongozea Apollo ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa mwanzo wa chipu, wakati teknolojia hiyo ilipokuwa changa na ya bei ya juu, na ununuzi huo uliwapa watengenezaji sababu ya kuiboresha. Kuna pia picha ya Dunia ikichomoza nyuma ya upeo wa Mwezi, aliyoipiga Bill Anders wa Apollo 8 Desemba 1968. Haikuwa katika mpango wa kazi, naye alilazimika kuomba filamu ya rangi kwa haraka.

Kwa upande wa hasara, safari tatu zilizokuwa zimepangwa baada ya Apollo 17 zilifutwa, mistari ya viwanda ikafungwa, na zaidi ya nusu karne ikapita bila mtu mwingine kukanyaga Mwezini. Roketi zilizobaki sasa ni vitu vya kuonyeshwa kwenye majumba ya makumbusho. Hilo linaniuma kuliko idadi yoyote ya mabilioni: barabara ilijengwa kwa gharama kubwa, ikapitwa mara sita, ikaachwa iote nyasi.

Njia hii inawafaa wanaotaka kuchunguza kwa kina mahali pachache penye utata, au wanaokusudia makao ya kudumu, na ambao wako tayari kulipa kwa miongo kadhaa bila kukatiza.

Njia ya pili: roboti peke yake

Gharama

Tarehe 23 Agosti 2023, India ilitua upande wa ncha ya kusini ya Mwezi kwa chombo cha Chandrayaan-3, kwa gharama ya takriban dola milioni 75. Ukigawanya, urushaji mmoja wa SLS na Orion ungeweza kulipia safari zaidi ya 50 za namna hiyo. Ni hesabu inayovutia, na nimeiona ikitumiwa kama pigo la mwisho katika mabishano, ila ina mapengo mawili: mishahara na bei za India ni za chini kuliko za Marekani, na Chandrayaan-3 haikuleta hata punje moja ya udongo nyumbani.

Roboti nazo zinaweza kuwa ghali. Kigari cha VIPER, kilichobuniwa kutafuta barafu kwenye ncha ya kusini, kilikuwa kimekwisha kula takriban dola milioni 450 wakati NASA ilipotangaza Julai 2024 kwamba inakifuta, kikiwa kimeundwa lakini hakijaruka. Baadaye uamuzi huo ulibadilishwa. Kadiri roboti inavyotakiwa kufanya kazi ngumu zaidi, ndivyo bei yake inavyoiacha ile ya Chandrayaan.

Maarifa

Luna 16 ya Kisovieti ilileta gramu 101 za udongo mwaka 1970, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mashine kwenda kuchota sampuli huko na kurudi yenyewe. China ilileta gramu 1,731 kwa Chang'e 5 mwaka 2020 na gramu 1,935 kwa Chang'e 6 mwaka 2024. Ukijumlisha zote, roboti zimeleta takriban kilo 4, ambazo mwanaanga mmoja wa Apollo 17 angeweza kuzizoa katika kituo kimoja.

Hata hivyo uzito si kipimo kizuri. Mawe ya Chang'e 5 yalikutwa na umri wa takriban miaka bilioni 2, machanga kuliko ya volkeno yaliyoletwa na Apollo, na yakazua swali la jinsi Mwezi ulivyoweza kubaki na joto ndani yake kwa muda mrefu hivyo. Sampuli za Chang'e 6 ni za kwanza katika historia kutoka upande wa Mwezi ambao hauonekani kamwe kutoka duniani. Gramu mia chache kutoka mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika zinaweza kusema mengi kuliko kilo mia moja kutoka mahali panapojulikana. Roboti zinapelekwa mahali ambapo hakuna mkuu wa safari angekubali kupeleka watu: mwaka 2009 kipande cha roketi cha safari ya LCROSS kilielekezwa kwa makusudi kikajigonge katika sehemu ya kreta ya Cabeus ambamo jua halifiki kabisa, ili vumbi na mvuke vilivyoruka vipimwe, na humo maji yakaonekana. Mwezini kuna faida nyingine pia, kwa sababu ishara ya redio huenda na kurudi kwa muda usiofika sekunde tatu, hivyo dereva aliye duniani anaweza kuendesha kigari karibu papo kwa papo.

Kwa sababu hiyo siukubali ulinganisho mmoja unaorudiwa sana, kwamba kigari cha Opportunity kilitumia miaka 14 kutembea kilomita 45 kwenye Mirihi ilhali Cernan na Schmitt walitembea 35 kwa siku tatu. Mirihi ishara huchukua dakika nyingi. Mshindani wa haki wa Apollo 17 ni Lunokhod 2, na baina yao tofauti ya mwendo inapungua sana, ingawa tofauti ya mawe yaliyokusanywa inabaki ile ile.

Hatari

Beresheet ya Israeli ilianguka Aprili 2019. Chombo cha kutua cha Chandrayaan-2 kikafuata Septemba mwaka huo huo. Chombo cha kampuni ya Japani ispace kikaanguka Aprili 2023, na Luna 25 ya Urusi Agosti 2023. Hakuna aliyezikwa. India ilichambua kosa lake, ikaimarisha miguu ya chombo na programu ya kukiongoza, ikarudi baada ya miaka minne na kutua salama. Uwezo huo wa kushindwa bila msiba ni rasilimali yenye thamani kubwa, kwani timu inayoweza kushindwa hujifunza haraka. Martin Rees, mwanafalaki mashuhuri wa Uingereza, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba serikali ziachie roboti kazi hii, na safari za watu ziachwe kwa wajasiri wanaojilipia au kulipiwa na watu binafsi.

Kinachobaki

Usiku wa Mwezi huchukua takriban siku 14 za duniani, na baridi yake inaua betri na mitambo. Chandrayaan-3 ilifanya kazi kwa mchana mmoja wa Mwezi na haikuamka tena. Lakini kilicho rahisi hudumu. Kioo cha kurudishia mwali wa leza kilichobebwa na Lunokhod 1 kilipotea kwa miongo kadhaa, kikapatikana mwaka 2010 baada ya chombo kinachouzunguka Mwezi kukipiga picha kigari kile, na mara kikaanza kutumika tena. Vioo kama hivyo, vya roboti na vya Apollo 11, 14 na 15, ndivyo vinavyotujulisha kwamba Mwezi unasogea mbali nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Njia hii inawafaa wanaotaka kufika mahali pengi, mataifa yanayoanza, na wenye bajeti zinazobadilika kila uchaguzi.

Njia ya tatu: kuuacha Mwezi kwa sasa

Hii si njia ya watu wasiopenda sayansi, na nasikitika inapotajwa hivyo. Siku moja kabla ya Apollo 11 kuondoka, Julai 1969, mchungaji Ralph Abernathy alifika karibu na eneo la kurushia roketi pamoja na familia maskini na mikokoteni ya kukokotwa na nyumbu, akaeleza kwamba nchi yenye watu wenye njaa imekosea kupanga vipaumbele. Thomas Paine, mkuu wa NASA, alitoka kuwalaki. Alimwambia Abernathy kwamba kama kutobonyeza kitufe cha kuirusha roketi kesho yake kungeondoa umaskini, wasingekibonyeza. Kisha familia kadhaa zikakaribishwa kutazama safari ikianza.

Kwa upande wa gharama, hesabu ya njia hii inaonekana kuwa sifuri, lakini fedha zinazookolewa hazihami zenyewe. Safari za Apollo zilipofutwa, hakukuwa na mfuko wa shule au hospitali uliosubiri kuzipokea. Anayechagua njia hii lazima ataje fedha ziende wapi na nani atahakikisha zinafika. Kwa upande wa maarifa, kuna mshindani halisi: Julai 1972, miezi mitano kabla ya Apollo 17, Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya Landsat, na tangu hapo mfululizo wake umetazama misitu, mashamba na maji ya Dunia bila kukatika, na tangu 2008 picha zake hutolewa bure kwa yeyote.

Hatari yake ni ya polepole. Mafundi hustaafu, viwanda hufungwa, na kuanza upya huwa ghali kuliko kuendelea. Pia Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza taifa lolote kudai umiliki wa Mwezi, lakini haumzuii aliyetangulia kufika kuanza kazi katika sehemu chache zenye jua karibu na barafu. Kinachobaki upande wa faida ni kwamba mawe ya Mwezi yamesubiri mabilioni ya miaka, na yataweza kusubiri miaka mingine hamsini. Njia hii inamfaa mtu ambaye ana hitaji lililo karibu zaidi na ana njia ya kweli ya kulifikishia fedha.

Pale njia zinapokutana

Wahenga walisema kila chombo kwa wimbile, na mara nyingine vyombo viwili huvuka wimbi moja pamoja. Surveyor 3 ilitua Mwezini Aprili 1967 bila mtu. Novemba 1969 Apollo 12 ilitua chini ya mita 200 kutoka hapo, na wanaanga wakaitembelea, wakakata kamera yake na kuirudisha nyumbani ili ichunguzwe jinsi ilivyoathiriwa na miaka miwili na nusu ya jua na baridi. Roboti ilitangulia kupima kama ardhi inabeba uzito, na watu wakafuata kusoma kilichoipata roboti. Mpango mzuri wa baadaye utafanana na huo, ingawa bado mtu atalazimika kuamua ni upande gani upewe fedha nyingi zaidi.

Ukiwa katika hali hii, uelekee wapi

Kama wewe ni mlipakodi wa nchi inayopanga kupeleka watu, usibishane kuhusu jumla ya gharama kabla hujaona muda wa kukaa. Safari ya siku tatu na safari ya miezi sita zinaweza kutumia roketi zinazofanana kuwafikisha watu, lakini ya pili huweza kupata maarifa mengi zaidi kwa kila dola. Mpango unaotua mara moja au mbili kisha ukasimama una kila sababu ya kupingwa, hata na anayependa wanaanga.

Kama nchi yako haijawahi kufika Mwezini na inataka kujenga wahandisi wake, anza na roboti, na panga fedha za safari ya pili kabla ya kurusha ya kwanza, kwa kuwa rekodi ya 2019 hadi 2023 inaonyesha kwamba ya kwanza huenda ikaanguka.

Kama wewe ni mtafiti, acha swali lako likuchagulie. Ukitaka kujua umri wa maeneo kumi tofauti, roboti kumi za kuleta sampuli zitakufaa kuliko watu wawili mahali pamoja. Ukitaka kuelewa bonde moja lenye tabaka zilizochanganyika, ambapo hujui hata unachokitafuta, hakuna mashine iliyokwisha kufanya alichofanya Schmitt kwa buti lake.

Kama moyo wako uko kwa walio na shida leo, una haki ya kudai kwamba Mwezi usubiri. Ila dai lako lifuatane na jina la mfuko, kiasi, na mwaka, kwa sababu bila hivyo fedha zitapotelea katika bajeti kuu na hutapata lolote kati ya mawili.

Na kama uko katikati, umevutwa na picha ya Anders na wakati huo huo umeshtushwa na dola bilioni 4.1, kuna maswali ya kuuliza kila safari mpya inapotangazwa. Watatua wapi, na je, kuna roboti iliyotangulia kupima hapo? Watakaa siku ngapi, na kati yao nani amefunzwa kusoma mawe? Kitabaki nini wakiondoka ambacho kitafanya kazi usiku wa siku 14 ukiingia? Safari ya baada ya hiyo imekwisha kutengewa fedha, au inasubiri uchaguzi ujao?